Mfupa Si Nywele

Kwetu sisi taya ni urithi. Wenzetu waliachiwa mashamba, wengine nyumba za kupangisha; baba yetu alituachia taya pana lenye kona mbili chini ya masikio, taya ambalo ukilitazama kwa ubavu unadhani mwenyewe amekasirika hata akiwa usingizini. Mimi ninalo. Kaka yangu, aliyekuwa msimamizi wa karakana ya mbao, alikuwa nalo na akaenda nalo kaburini. Akabaki nalo binti yake, ambaye nilimlea mimi tangu mama yake alipoolewa kwingine. Kwa hiyo aliyeligusa taya la mtoto yule alinigusa mimi, na mimi si mtu wa kuguswa nikanyamaza.

Kazi yangu ni kushona sare za shule. Chumba changu cha mbele kina vyerehani viwili, meza ya kukatia vitambaa, na rundo la sketi za bluu ambalo halijawahi kwisha. Mtoto wa kaka alikulia chini ya meza hiyo akiokota vifungo. Shuleni walimwita Sanduku kwa ajili ya ule uso. Alirudi akilia, nami nikamwambia sanduku ni chombo cha kuwekea mali, hao wenye nyuso kama vijiko wataweka nini? Akacheka mpaka kwikwi ikamshika. Alikuwa mcheshi tangu mdogo, na ana sauti ambayo hata mdai akibisha hodi akaitikiwa nayo, anasahau alichokuja kudai. Sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi ya mapokezi kwenye kliniki moja ya urembo mjini, na wateja wa huko wakamwita Bi Karibu.

Kliniki yenyewe ilikuwa ya vioo vitupu. Sofa nyeupe, maua ya plastiki yanayofutwa vumbi kila asubuhi, na baridi ya kiyoyozi ya kukufanya ujute kuvaa mikono mifupi. Mwenye nayo, Daktari, kazi yake kubwa ilikuwa kuchonga mataya. Unaingia na taya pana, anapasua kwa ndani ya mdomo ili kovu lisionekane, anakata zile kona za mfupa, unatoka na uso mwembamba. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Madam, ndiye aliyeshika usukani wa kila kitu kingine, kuanzia funguo mpaka ratiba ya chai.

Siku moja Daktari alimwambia mtoto wangu kwamba taya lile pale mapokezi linamfukuzia wateja. Lakini asijali, yeye atamfanyia bure kabisa, sharti tu awe mfano kwa wengine. Mtoto akaniomba ushauri. Nikamwambia, "Kata mkono kwanza, tuone kama utaota." Nilidhani nimeyamaliza. Wiki iliyofuata akaniaga kwamba anakwenda kwenye mafunzo, na aliporudi alikuwa amefungwa bendeji kichwa kizima kama kifurushi cha posta.

Nilimnunia mwezi mzima. Uji nilimpikia, maana kununa ni kununa na njaa ni njaa, lakini neno hakulipata kwangu. Nilikuwa naona kama mtu amechukua uso wa kaka yangu akautupa kwenye ndoo. Uvimbe ulipoisha, uso ulitokea mwembamba, mzuri, wa mtu nisiyemjua. Mdomo wa chini upande wa kushoto ulibaki na ganzi. Akinywa chai inamchuruzika kidevuni na hana habari, mpaka nimwoneshe kwa kidole. Daktari alisema ganzi itaisha yenyewe. Mpaka leo ninapoandika haya haijaisha.

Sasa sikiliza walivyomtumia. Daktari alikuwa na kengele mezani kwake. Mteja akiingia kuuliza, anaelezwa habari za kisu na za kupona, na akianza kusitasita, kengele inalia. Mtoto wangu anaacha simu, anaingia, anasimama katikati ya chumba. Anageuka kulia. Anageuka kushoto. Kisha anainama kidogo ili mteja amshike taya kwa mkono wake, apapase chini ya sikio mpaka kidevuni. "Umeona?" anasema Daktari. "Na mfupa si nywele. Ukikatwa, umekatwa." Mteja anacheka, moyo unatulia, siku ya upasuaji inapangwa. Kila siku mikono ya watu wasiojulikana usoni kwa mtoto wa kaka yangu, kama wanachagua maembe sokoni. Ukutani kwenye sehemu ya kusubiria wakatundika picha yake kubwa kama mlango: upande mmoja uso wa kwetu, upande wa pili uso aliouchonga Daktari. Madam naye alichukua likizo ndefu, akarudi amekonda uso, akasema ni mapumziko.

Ilikuwa hivyo mpaka siku alipoingia mteja mmoja mwalimu, mama mwenye vidole vya kuzoea kukagua kazi za watoto. Alipapasa, akasimama, akapapasa tena. "Mbona huku kuna kona?" aliuliza.

Daktari akacheka, akasema labda ni uvimbe wa jino. Mteja alipotoka, akamshika mtoto wangu taya yeye mwenyewe, kulia na kushoto. Kisha akamuuliza anakula nini.

"Kula nini vipi?"

"Unatafuna vitu vigumu. Unatafuna bigijii. Usiku unasaga meno. Umejirudishia mwenyewe."

Madam alikuwa pale mlangoni, akaongeza yake. "Mimi nilishasema. Huyu anatafuna kama mashine ya kusaga. Kazi ya watu inaharibika kwa ulafi."

Na mtoto wangu aliamini! Hilo ndilo linalonichoma kuliko kisu chenyewe. Alirudi nyumbani akaacha nyama, akaacha karanga, akaacha hata ganda la mkate. Akawa mtu wa uji na viazi vya kuponda, mtu mzima na meno yake yote. Usiku alijifunga kitambaa toka kidevuni mpaka utosini, akakikaza mpaka masikio yakawa mekundu, ili asisage meno. Asubuhi nasikia anajipapasa mbele ya kioo, na taya halina habari naye, linarudi tu taratibu kama mwenye nyumba aliyekuwa safarini. Aliniuliza, "Shangazi, hivi mimi natafuna sana?" Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikamwambia wewe unatafuna kama kuku wa kufugwa. Hakuniamini mimi, akamwamini Daktari, kwa sababu mimi nimesoma vipimo vya viuno tu.

Kumbe wao walikuwa na siku yao kubwa mbele. Walikuwa wanafungua chumba kipya cha upasuaji, na wamealika wateja wa zamani na wapya. Daktari akamwita, akamwambia watamkata tena kidogo, haraka, apone kabla ya wageni. Mtoto wangu akaugusa ule mdomo uliokufa ganzi upande mmoja, akaupima upande wa pili uliobaki mzima, akasema hapana. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu yeyote hapana mle ndani. Kesho yake Madam akaweka msichana mwingine mapokezi, na Bi Karibu akapelekwa stoo, katikati ya maboksi ya glavu na bendeji. Wateja walipomuulizia, waliambiwa amekwenda nje kusoma. Picha wakaiacha ukutani. Wangeshusha picha, wangelazimika kueleza kwa nini.

Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Stoo ile ilipakana na chumba cha chai, na ukuta kati yake ulikuwa wa ubao mwembamba. Mchana mmoja Daktari alikuwa na mgeni wake, daktari mwenzake, wanakunywa chai. Mgeni akauliza yule binti wa pichani anaendeleaje. Daktari akasema mfupa umerudi. Mgeni akasema, "Si ajabu, ulimkata akiwa mdogo mno. Umri ule ukiuacha ule utando unaofunika mfupa, unajenga tena." Daktari akajibu, "Najua. Wote wa umri ule nawaambia tu wasitafune." Wakacheka, kijiko kikalia kwenye kikombe.

Mtoto wangu alitoka stoo, akavuka sehemu ya kusubiria mbele ya picha yake, akaja nyumbani saa za kazi na ile sare nyeupe. Nilikuwa napiga pindo. Alinisimulia neno kwa neno akiwa amesimama, na aliponyamaza nikaona amekunja uso kama kaka yangu siku mtu alipomwibia mbao. Nikasema moyoni, sawa, damu haijakatwa.

Mimi roho ilinichemka hapo hapo. Nikachukua mkasi mkubwa, nikaanza kutafuta viatu. Nikamwambia nakwenda kuichana ile picha, tena nitaanzia upande wa Daktari. Akasema hapana. Nikasema basi nimmwagie ndoo ya maji ya kudekia kwenye yale masofa. Akasema hapana. Nikasema basi atakaposhonesha suruali unijulishe, nitamtafuta fundi wake, tutamshonea zipu iwe nyuma. Hapo akacheka kidogo, upande mmoja wa mdomo.

"Shangazi, ukivunja kioo atanunua kingine," akasema. "Mimi nataka aseme. Aliniambia mbele ya Madam kwamba nimejiharibu mwenyewe. Nataka aseme kwa mdomo wake, mbele ya wageni wake, kwamba mfupa umerudi wenyewe na alijua."

"Hatasema."

"Atasema. Nitamuuliza mbele ya wanaotaka kukatwa."

Wanasema hasira hasara. Hasara tulikuwa nayo tayari, kwa hiyo tulichobakiza ni hasira tu, na tukaamua tuitumie vizuri.

Siku ya wageni nilivaa gauni langu la harusi za watu, nikabeba mkoba, nikaenda. Sikuwa na mwaliko. Lakini yule msichana mpya wa mapokezi aliponiona tu, akanitazama chini ya masikio, uso ukamchanua.

"Karibu sana mama. Umekuja kwa ajili ya taya?"

"Ndiyo, mwanangu," nikamjibu. "Nimekuja kwa ajili ya taya." Akanipa kiti cha safu ya pili na chupa ya maji baridi.

Watu walijaa. Safu ya mbele walikaa wanawake wenye nyuso nyembamba waliokwisha kuchongwa, wamependeza, wanapigana picha. Nyuma yao wale wa aina yangu, na wasio na taya lolote la maana ila wameambiwa wanalo. Daktari alisimama chini ya ile picha kwa koti jeupe lililopigwa pasi, akaeleza usalama, akaeleza mashine mpya, akafika kwenye wimbo wake. "Mfupa si nywele," akasema, na watu wakacheka kama kawaida. Nikanyoosha mkono.

"Daktari, samahani. Huyo binti hapo juu yuko wapi tumwone? Maana picha ni picha."

Madam alidakia toka pembeni. "Amesafiri, mama. Yuko nje masomoni."

Mlango wa stoo ukafunguliwa, na mtoto wa kaka yangu akatoka. Alikuwa amevaa sare yake, nimeipiga pasi mimi, na nywele amezibana nyuma zisifiche kitu. Hakuna aliyepiga kengele. Alitembea mpaka chini ya picha, akasimama, akageuka kulia, akageuka kushoto, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Kisha akainama mbele ya mama mmoja wa safu ya pili, mwenye duka la viatu, ambaye alikuwa amepangiwa kukatwa wiki ile. Mama akanyoosha mkono kwa mazoea ya mtu anayekaribishwa kitu. Alishika, akainua macho kwenye picha, akayarudisha chini, akashika tena.

"Lakini hili lipo," akasema kwa sauti.

Madam alikuja mbio akamshika mkono. "Huyu mtoto hayuko sawa kichwani, jamani, samahanini..."

"Niachie, Madam," mtoto wangu akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya karibu, tulivu, ya kukaribishia watu viti. "Nina swali moja tu. Daktari, uliniambia mfupa umerudi kwa sababu natafuna sana. Waambie na hawa. Ni mimi nilitafuna, au umerudi wenyewe?"

Niliona jasho kwenye mdomo wa juu wa Daktari, na kiyoyozi kinanguruma. Hakuona bado alipokwama. Akajikohoza akasema ni kweli, kuna wagonjwa ambao hawafuati masharti, wanatafuna vitu vigumu, na mfupa ukichokozwa...

"Subiri kwanza," mama wa viatu akadakia. "Kwa hiyo mimi nikikatwa nisitafune? Mpaka lini?"

Daktari akamtupia macho Madam.

"Maana mimi nyama nakula," mama akaendelea. "Nitakunywa uji maisha yangu yote?"

Watu wakaanza kunong'ona. Mwingine nyuma akauliza kama wali unahesabika ni kutafuna. Kicheko kikapita, lakini hakikuwa cha kumfurahisha mwenye shughuli. Nilimtazama Daktari akihesabu kichwani: akisema ni kutafuna, wote watatoka mlangoni na meno yao, akisema mfupa unarudi, wimbo wake umekufa. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka magoti, na sitaki mtu aniambie niombe msamaha.

"Si kutafuna," akasema hatimaye, taratibu. "Inatokea. Kwa vijana hasa. Mfupa hujijenga tena."

"Ulijua kabla hujanikata?"

"Kila upasuaji una..."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hakupiga kelele mtoto wangu, wala hakulia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyerudishiwa chenji yake sawasawa. Lakini mimi nilikuwa naangalia safu ya kwanza. Mkono mmoja ulipanda chini ya sikio. Kisha wa jirani yake. Kisha wote, wale wanawake waliopendeza, kila mmoja anajipapasa taya lake kimyakimya, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Hao hawakutukosea chochote. Nililiona hilo, na bado nilishika mkoba wangu nikatoka na mtoto wa kaka yangu tukiwa tumenyoosha shingo.

Usidhani kliniki ilifungwa. Watu husahau, na wanaotaka kukatwa hawaishi. Mama wa viatu hakukatwa, na wengine kadhaa, ila baada ya muda sofa zilijaa tena. Picha tu ndiyo iliyoshushwa. Mtoto wangu kazi hana, amekaa kwenye cherehani cha pili, na bado anashona kola zilizopinda, ingawa nampigia kelele kila siku. Taya limerudi karibu lote. Kushoto zaidi kuliko kulia, kwa hiyo hata urithi wetu amerudishiwa umepinda.

Waliokuja ni wale wa safu ya kwanza. Alianza mmoja, jioni, akijidai anaulizia bei ya sare. Kisha akasema, samahani dada, wewe unaujua mfupa ukianza kurudi unavyokuwa, hebu nishike. Mtoto wangu akanawa mikono, akamshika, akamwambia ukweli: hakuna kitu, nenda ukalale. Akaja mwingine, naye akaambiwa kipo kidogo, upande mmoja. Huyo alilia kwenye kiti changu cha wateja, na mtoto wangu akamletea maji. Kwa wale alikuwa mpole kuliko nilivyoweza kuwa mimi.

Kisha akaja Madam. Ilikuwa mchana wa jua kali. Gari aliliacha mbali, akaja kwa miguu, miwani myeusi machoni na kitambaa kimezungushwa kichwani mpaka chini ya kidevu. Nikaushika mkasi vizuri.

"Shikamoo, shangazi," akasema. Hajawahi kunisalimia maisha yake.

"Marahaba," nikamjibu, nikiivuta.

Hakuketi. Alimgeukia mtoto wangu, akafungua kitambaa. Taya lilikuwa jembamba, zuri, kazi ile ile ya mkono ule ule.

"Alinifanyia baada yako," akasema. "Ile likizo yangu ndefu, sikwenda popote. Nilikushika wewe taya kwa mkono wangu, nikaona limetoka vizuri, nikakubali. Sikutaka watu wajue." Akamsogezea uso. "Nishike. Niambie kweli."

Mtoto wangu aliinuka, akanawa mikono kwa sabuni bila haraka, akaifuta. Aliweka vidole chini ya masikio ya Madam akavishusha mpaka kidevuni, akarudia upande wa kulia. Niliona alipokipata.

"Kona ipo," akasema. "Huku. Umemuuliza mumeo?"

"Nimemuuliza." Akakivuta kitambaa mabegani. "Anasema natafuna sana."

Cheko lilinijaa kifuani, nikaling'ata. Nilimwangalia mtoto wa kaka yangu, nikidhani ataleta maji kama alivyowaletea wengine.

"Basi punguza kutafuna," akasema, akarudi kwenye kola yake, akakanyaga pedali.

Madam alibaki amesimama katikati ya sketi za bluu, anajaribu kufunga kitambaa. Kila alipokaza, fundo lilimfunguka. Hatukumsaidia.